Miezi saba na Final Fantasy X kwenye PS2, hapa Mtwara: gemu inayomngoja mtu mwenye kazi zake

Fundi wa Chikongola

Wakuu, salaam.

Juzi usiku nimemaliza Final Fantasy X. Saa ya gemu inasoma 81 na dakika zake. Ya ukutani ingesoma zaidi, kwa sababu saa ya gemu inahesabu kile ulichokisevu tu. Umeme ukikata kabla hujasevu, muda ule unapotea na ushahidi wake. Nilianza mwezi wa pili, nimemaliza mwezi wa tisa, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Msimu ukishika mimi sina nafasi hata ya kunywa chai, kila simu iliyokufa tangu mwaka jana inaletwa siku mtu amelipwa.

Ndiyo, ni gemu ya 2001. Na ndiyo, nimeichezea PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) ileile nene. Mteja aliileta lenzi imechoka, nikamwambia bei ya lenzi, akacheka akasema fundi baki nayo. Ilikaa chini ya meza mwaka mzima. Siku niliyopata lenzi ya mtumba nikaifungua, ndani kuna diski haina hata ganda. Mimi nilitaka mpira.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Magemu mengi niliyojaribu dukani yalinishinda, na si kwa ugumu. Hayamngoji mtu. Uko dakika ya 80, mteja anaingia na simu iliyotumbukia kwenye ndoo, unaacha padi, ukirudi umefungwa mbili. Hii ni ya zamu. Upande wa kulia wa kioo kuna vichwa vidogo vimepangwa, unaona kabisa anayefuata ni nani: wewe, wewe tena, halafu lile dude. Zamu yako ikifika, dunia nzima inasimama mpaka uamue. Nimewahi kuliacha dude moja linapiga mabawa hewani, nikabadilisha kioo cha simu, nikaenda kuswali, nikapita kwa mama ntilie, narudi bado linapiga mabawa. Halijachukua hata hatua. Adui mwenye adabu namna hiyo nilikuwa sijamwona.

Nakuja kuendelea, kuna mtu amesimama mlangoni.

Korosho Ghafi

Mkuu, saa 81 ungekuwa umepalilia ekari ngapi? Rudi kwenye mpira bwana.

Mvuvi wa Jioni

Nimeweka kambi. Lete nyama.

Mzee wa Kusi

Kijana, wengine tumesoma mpaka mwisho na hatujui unazungumzia nini. Hilo gemu linahusu nini? Usinipe maneno ya vijana.

Fundi wa Chikongola

Shikamoo mzee. Ni hadithi ndefu, na wewe ndiye unayewaendesha waliomo ndani yake.

Kuna kijana anaitwa Tidus, mchezaji wa mpira unaochezwa ndani ya maji. Mji wao unavamiwa na dude kubwa kama kisiwa, jina lake Sin, linatoka baharini. Kijana anazinduka nchi nyingine kabisa, Spira, hajui mtu wala lugha ya wale wanaomwokota kwanza. Anaangukia kijiji cha pwani, Besaid. Huko anakutana na binti, Yuna, kazi yake ni kuzunguka mahekalu. Kila hekalu anaomba, na kila akimaliza anapata kiumbe kimoja chenye nguvu kinachomtii. Akikamilisha safari ndipo ataweza kulipiga Sin. Hata likipigwa linarudi baada ya miaka michache, kila mtu anajua, na bado wanaenda. Na barabarani watu wanamshukuru Yuna kabla hajafanya chochote. Wanaomsindikiza ni sita, ukimhesabu Tidus.

Mzee, ungeuona ule ufukwe wa Besaid ungesema ni Msimbati. Maji yaleyale, mchanga uleule, na kijiji kinacholalamikia timu yao ya mpira inayofungwa kila mwaka.

Halafu wanapanda meli kwenda Kilika, kijiji chenye nyumba juu ya nguzo majini. Sin inafika kabla yao. Ukishuka gatini pamebaki mbao zinaelea. Hapo ndipo ilipo sehemu nitakayoikumbuka mpaka nizeeke.

Majeneza yamewekwa ndani ya maji, jua linazama, na Yuna anatembea juu ya maji peku, anaanza kucheza na fimbo yake. Anawaondoa wafu. Huko Spira marehemu asipoondolewa anabaki na kinyongo na walio hai, anageuka zimwi. Sasa mama mdogo wangu anauza vitumbua nje ya duka langu. Aliingia kutafuta chenji ya elfu kumi, akakuta ile ngoma. Akasimama.

"Wafu siku hizi wanachezewa ngoma?"

Nikamwambia hapana mama, anawasindikiza, wasipate njia ya kurudi kudhuru. Hakujibu. Alikaa pale na noti mkononi mpaka picha ikaisha, kitumbua huko nje kinaungua, mteja anaita. Akasema, "Basi kafanya vizuri," akatoka bila chenji. Kesho yake, kabla hata ya salamu: "Yule binti kafika wapi?"

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukaa kimya. Mnakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth? Shule zimefungwa, maduka yamefungwa, watu wa mabondeni wanaambiwa wapande juu. Sisi tulibeba godoro na redio mpaka kwa shangazi. Kikaingia Msumbiji, Cabo Delgado, sisi tukabaki na mvua na upepo. Wiki ile nzima watu Feri walikuwa wanaangalia bahari kwa namna moja hivi. Wanakijiji wa Spira wanaiangalia bahari namna hiyohiyo muda wote wa gemu. Aliyeandika hadithi hii, Kazushige Nojima, ni Mjapani, na Wajapani bahari wanaijua vizuri.

Korosho Ghafi

Duh. Sawa, nisamehe kuhusu ekari. Endelea.

Kijana wa Naliendele

Mtoa mada, kwa heshima zote. Nimeijaribu kwenye PS4, ile iliyosafishwa upya. Nilitoka baada ya saa tano. Ni korido tupu. Unasukuma padi mbele, unapigana, unaangalia sinema, unasukuma tena. Huwezi kuruka, huwezi kupanda ukuta, huwezi kutoka nje ya njia. Magemu ya sasa unaachiwa nchi nzima, unaenda utakako. Na kila hatua kumi kioo kinapasuka unaingizwa vitani hujaomba.

Fundi wa Chikongola

Bwana mdogo, kuhusu njia sikupingi. Ni moja, na inabaki moja mpaka ufike Calm Lands, uwanda mpana, saa nyingi sana baadaye. Hata barabara ya kupanda Newala ni moja na hakuna anayeilaumu, anatazama mandhari. Lakini kelele za vita kila hatua, hapo umesema kweli. Yale mafumbo ya mahekaluni nayo, kubeba tufe kutoka shimo hili kwenda shimo lile, yananipa usingizi. Na kuna mahali Tidus anacheka kicheko cha kulazimisha mpaka wateja wangu waligeuka kuangalia kama niko salama. Hii ndiyo ya kwanza katika mfululizo wao kuwa na sauti za watu, na inasikika.

Ila ngoja nikuelezee vita vyenyewe, maana saa tano hazitoshi. Wapo saba, wanaingia vitani watatu, na unaweza kubadilishana yeyote katikati ya pambano bila kupoteza zamu. Ndege wa angani anamtaka Wakka na mpira wake. Mwenye gamba gumu anamtaka Auron na upanga. Ute ute ule usiokatika kwa chuma unamtaka Lulu na uchawi wa moto au barafu. Mashine unamwita Rikku, anaiibia vipuri inakufa yenyewe. Ni kama kuwa na vijana saba karakana, ujue huyu wa kulehemu na huyu wa programu. Ukimpa kazi mtu asiye wake mnachelewa wote.

Hakuna kupanda levo kwa namba kama kwingine. Kuna ramani kubwa ya vituo, unasogea kituo kwa kituo na unakiwasha kwa kutumia tufe ulilookota vitani. Kimahri, mmoja wa wale saba, nilimpeleka njia ya wizi ya Rikku kwa kutojua, nikaja kujuta mbele, anapokutana na ndugu zake wawili waliokuwa wanamcheka pembe yake iliyovunjika.

Binti Lindi

Jamani huu uzi umenikuta kazini na nimeacha kazi.

Kaka Fundi, mimi niliicheza kwa kaka yangu Dar nikiwa kidato cha pili. Sikumaliza. Nilikwama mlimani Gagazet kwa Seymour, yule adui mkubwa. Lile tukio kabla ya pambano huwezi kuliruka, kila ukifa unamsikiliza upya mahubiri yake yote. Kanipiga mara nane. Ya tisa diski ikagoma, ina mikwaruzo. Nimeolewa, nina watoto wawili, na bado naidai ile vita.

Niambie tu, ulimpitaje?

Fundi wa Chikongola

Dada, hapo tulikufa wengi. Siri iko kwenye ile orodha ya zamu. Ana mkuki unaomgeuza mtu wako kuwa zombi, halafu zamu inayofuata anamrushia dawa ya uhai kamili. Zombi akipewa dawa ya uhai anakufa papo hapo. Sasa akishakuchoma, usipige. Angalia orodha, tumia maji matakatifu kumtoa uzombi kabla zamu yake haijarudi. Beba mengi. Mimi nilimpiga kwa mara ya tano, nimebaki na Auron peke yake amesimama.

Raha iko mbele. Ukifika magofu ya Zanarkand utamkuta Yunalesca, umbo lake la tatu. Naye anawageuza watu zombi. Mimi mjanja wa Gagazet nikawasafisha wote haraka, nimetabasamu. Akapuliza kifo cha jumla. Kifo kile kinawakosa mazombi tu. Wote chini. Yaani lile lililokuua mlimani, huku ndiyo kinga yako, unatakiwa umwache hata mmoja na ugonjwa wake. Nilikaa dakika nzima naangalia kioo. Waliotengeneza walikuwa wananisubiri hapo tangu Gagazet.

Na jaribio la pili, amebakiza kidogo, umeme ukakata.

Niwachoree. Dukani nina watazamaji wasiopungua saba wakati huo, wawili wa bodaboda, muuza kahawa, watoto wa jirani. Mimi ndiye mtafsiri, maana maneno yote ni Kiingereza, nayasema kwa Kiswahili kama wale wa vibanda vya sinema, na nikikosa neno nabuni. Mmoja wa bodaboda kazi yake ni kupiga kelele "Zamu yake hiyo! Zamu yake!" kana kwamba sioni. Giza lilipoingia hakuna aliyesema kitu. Halafu yule bodaboda akawasha tochi ya simu akaimulika TV. Akaishikilia vile, anaimulika, tunaiangalia wote TV imezimika. Sikuwa nimesevu tangu saa moja jioni.

Wiki ile nikanunua UPS ya mtumba, ile betri inayoshika umeme ukikata. Ikiwa na TV na PS2 pamoja inanipa dakika sita na mlio wa kukera. Hazitoshi kumuua bosi, yaani adui mkubwa. Zinatosha kukimbia mpaka kwenye tufe la kusevu, na tufe lenyewe linakuponya majeraha. Mwezi wa sita wote nimecheza hivyo, sikio moja kwenye mlio.

Mvuvi wa Jioni

😂😂 Ameimulika TV. Huyu bodaboda namjua, nina uhakika namjua.

Mzee wa Kusi

Huyo Tidus alipofika ugenini hajui lugha alifanyaje?

Fundi wa Chikongola

Swali zuri mzee. Wa kwanza kumwokota ni watu wa kabila la Al Bhed, na hasikii neno hata moja. Sisi tunaocheza pia hatusikii. Kumbe ile lugha ni kinyume, mzee! Si kile chetu cha utotoni cha kugeuza silabi, chao wamebadilisha herufi, kila moja imevaa nguo ya mwenzake. Kuna vitabu 26 vimetawanywa nchi nzima, na kila ukiokota kimoja unafumbuliwa herufi moja. Mwanzo unasoma takataka. Ukiwa na kumi unaanza kukisia. Mimi niliambulia 19. Binti wa jirani, yuko darasa la sita, yeye aliziandika kwenye daftari la hesabu na sasa wanaandikiana na mwenzake, mwalimu hajui wanasema nini. Mama yake kaja kunilaumu.

Korosho Ghafi

Naomba niulize kitu kimoja. Umesema watu wanamshukuru Yuna barabarani kabla hajafanya chochote. Kwa nini? Anakufa?

Binti Lindi

USIMJIBU.

Kijana wa Naliendele

Ni gemu ya 2001 jamani, ina umri mkubwa kuliko mimi. Hakuna siri hapo.

Binti Lindi

Kwa Korosho ni ya leo. Kaka Fundi, nakuomba.

Fundi wa Chikongola

Sijibu. Nitasema nilivyojua mimi. Kuna mahali jangwani, katikati ya makombora, Tidus anagundua kwamba wenzake wote wamekuwa wakijua jambo, na ni yeye tu aliyekuwa anamwambia Yuna tutafanya hivi na vile safari ikiisha. Nilikuwa namtafsiria mama mdogo. Sentensi ikanikwamia. Nikamwambia subiri mama, hawajasema vizuri. Yeye, ambaye Kiingereza hajui, akasema, "Wamesema. Mwangalie uso." Nikarudi nyuma kichwani: wazee wote wale, watoto wote wale waliokuwa wanamwinamia barabarani. Ndiyo maana nasema njia moja ilikuwa sahihi. Ungeweza kutoka pembeni, ungetoka, na usingewaona.

Korosho Ghafi

Duka lako liko upande gani wa soko?

Kijana wa Naliendele

Haya, swali la wanaume. Radi 200 umezikwepa?

Fundi wa Chikongola

Umenigusa kidonda. Kwa wasiojua: kuna uwanda wa radi, Thunder Plains. Kioo kinakuwa cheupe ghafla, unabonyeza kitufe hapohapo, umekwepa. Kwepa 200 mfululizo bila kukosa moja, unapata kitu cha kuikamilisha silaha ya Lulu. Hapo ndipo gemu inapovunja ahadi yake kwangu, hapangoji mtu. Mara ya kwanza nilifika 61, mteja akauliza chaja ya Nokia. Mara ya pili 112, muuza kahawa akaniletea kikombe. Nikaamua usiku, nimefunga duka, peke yangu. Niko 147. Kioo kikawa cheupe, nikabonyeza, na dunia yote ikawa nyeupe, radi ya kweli, imepiga upande wa Shangani. Nilichomoa nyaya zote za ukutani kwa mikono miwili kabla sijafikiri. TV imepona, PS2 imepona. Lulu hana silaha yake mpaka leo na hatakuwa nayo.

Mzee wa Kusi

Umefanya vyema kuchomoa.

Binti Lindi

Kaka, mwisho je? Bila kusema kilichotokea.

Fundi wa Chikongola

Mabosi wa mwisho ni laini kuliko Seymour, hata nilishangaa. Kile kinanda cha mwanzo kabisa, cha Nobuo Uematsu, ukikisikia siku ya kwanza ni kizuri tu. Gemu inaanza watu wamekaa kuzunguka moto, hawasemi, silaha zimechomekwa ardhini. Hujui ni akina nani. Baada ya saa nyingi, umeshawabeba wote mlimani, unarudishwa kwenye moto uleule, na sasa kila mgongo unaujua. Mimi hapo ndipo nilipomalizia, ingawa gemu iliendelea. Mama mdogo alikuwepo siku ya mwisho kabisa. Alinunua soda mbili, sijawahi kumwona akinunua soda.

Binti Lindi

Diski yako inauzwa? PS2 ya kaka ninayo hapa Lindi, ile nyembamba, inasoma DVD za sinema bila shida.

Fundi wa Chikongola

Haiuzwi, nakuazima. Ila ya kwako imepigwa chipu, yaani imefunguliwa isome diski za soko lolote? Hii diski ni ya soko la Marekani, isiyofunguliwa itaikataa. Kama haijapigwa, usihangaike na mafundi wa kubahatisha, lete nayo nitaifanya mwenyewe.

Binti Lindi

Imepigwa, kaka alikuwa anachezea kila takataka. Memori kadi ndiyo sina.

Fundi wa Chikongola

Basi nakuwekea na kadi. Nampa kondakta wa gari la asubuhi keshokutwa, imefungwa kwenye boksi la simu, mwambie unafuata mzigo wa fundi. Ndani ya kadi kuna mafaili matatu. La juu ni langu, liko mbele ya bosi wa mwisho, ukitaka kuchungulia chungulia. La tatu futa, ni la majaribio. La pili usiliguse kabisa, dada yangu, la mpwa wangu yuko bweni Newala. Hadithi hajui hata moja, ameishia Luca anacheza ule mpira wa majini, timu yake haijafungwa mechi 34. Akirudi likizo akalikosa, mimi Chikongola nahama.